Jiwe la Msingi la Choo cha Mferejini

Nchi ninayoisimulia si yetu. Naliweka hilo mbele mapema kabisa, maana kuna wasomaji wepesi wa kujiona, na kuna wengine walioajiriwa kazi ya kuwaonea wenzao. Nchi hii iko mbali, ina bendera yake na wimbo wake, na watu wake ni wapole kiasi kwamba ukiwakanyaga mguu, wao ndio huomba radhi. Ukikuta humu kitu kinachofanana na cha kwenu, ni kufanana tu, na kufanana bado hakujafanywa kosa la jinai, angalau hadi ninapoandika.

Wenyeji wa nchi hiyo wanapenda mawe ya msingi. Sisi wengine huweka jiwe la msingi tukitaka kujenga. Wao huliweka wakitaka kupigwa picha. Huletwa bamba la marumaru lililochongwa jina la mheshimiwa kwa herufi kubwa za dhahabu na jina la jengo kwa herufi ndogo, likafunikwa kipazia chenye kamba. Mheshimiwa huvuta kamba, watu hupiga makofi, kila mtu hurudi kwake na soda moja tumboni. Wazee wanasema zamani yalikuwapo hata majengo.

Majengo ndiyo yaliyoleta ugomvi. Kiongozi mmoja mstaafu alipita hospitali aliyoiwekea jiwe akiwa madarakani, akakuta ukuta umelipanda jiwe na kumfunika hadi kwenye jina la ukoo. Alilia mbele ya wagonjwa, na wagonjwa wakambembeleza. Mwezi huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Heshima ya Mawe: jiwe lililowekwa na mheshimiwa lisisogezwe, lisifunikwe, wala lisijengewe, juu yake au karibu yake. Wabunge wote waliunga mkono, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na jiwe lake mahali. Hakuna aliyeuliza kama msingi usiojengewa ni msingi wa nini. Swali kama hilo lingeonekana utovu wa adabu.

Mawe mengi yalikuwa chini ya Wizara ya Ardhi, Makazi na Mahitaji ya Wanafunzi. Usishangae viwanja na watoto kuwa na waziri mmoja. Serikali ilieleza vizuri tu kwamba vyote viwili ni rasilimali, vyote hupimwa, na vyote visipoangaliwa huota majani. Wananchi waliridhika na maelezo hayo. Wao huridhika haraka, ndiyo maana nasema si sisi.

*

Shule ya Msingi Mferejini ilikuwa katikati ya jiji kuu, mahali ambapo ardhi ilikuwa imepanda bei hadi walimu wakaona haya kuikanyaga kwa kandambili. Mwalimu mkuu alikuwa Bi Perpetua Mahundi, mwanamke mnene wa sauti ya chini, aliyezoea kuomba vitu kwa upole na kunyimwa kwa upole. Masika moja choo cha shimo cha shule kikatitia. Mungu aliwaonea huruma, kilititia Jumapili. Kilichobaki ni shimo, matope, na mlango wa bati uliolala chali ukiwa bado na neno WASICHANA.

Wavulana walitafuta pa kwenda, kama wavulana wa kokote. Wasichana waliokolewa na jirani, Mama Nyamizi, muuza maandazi, ambaye uani kwake kulikuwa na choo kidogo kilichofagiliwa mara mbili kwa siku. Alimwambia Mwalimu Perpetua waje tu, hao ni wanawe, ila wasimwagie maji unga wake. Basi kila mapumziko utaona foleni ya sketi za buluu imepita kati ya makarai ya maandazi, na Mama Nyamizi anaiongoza kwa mwiko.

Aliyehitaji choo kile kuliko wote alikuwa Siwema, msichana wa darasa la sita ambaye mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni. Alitembea kwa gongo. Kwao kulikuwa ng'ambo ya reli, mbali mno kwenda na kurudi mtu akibanwa, lakini kwa Mama Nyamizi aliweza kufika. Mama yake, mfua nguo za watu, alikuwa amesema wazi kwamba shule isiyo na choo haitampata bintiye. Hakutaka aje kuchutama vichakani na mguu ule, wapita njia wakimtazama. Kwa hiyo masomo ya Siwema, ambaye alisoma kwa sauti nzuri kuliko walimu wawili wa pale, yalikuwa yameshikiliwa na choo cha muuza maandazi.

*

Habari zikafika wizarani, na wizara ikafanya haraka kile inachokijua. Ilitangazwa kwamba Waziri, Mheshimiwa Daktari Balozi Kibwengo Masanduku, atakuja mwenyewe kuweka jiwe la msingi la choo cha wasichana. Udaktari wake alitunukiwa na chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilichokuwa juu ya duka la viatu. Ubalozi wake ulikuwa wa dawa ya meno.

Asubuhi ya sherehe likaja lori limebeba vyoo vya plastiki vya kuhamishika, vya buluu, vyenye kioo ndani, sabuni ya maji na karatasi laini yenye michoro ya maua. Vikapangwa karibu kabisa na pale kilipotitia choo cha watoto. Watoto walishangilia wakidhani serikali imewaletea vyoo. Wakaambiwa waache kelele na wafagie njia ya kuviendea, wageni wasichafue viatu.

Siwema alichaguliwa kughani ngonjera ya faida za choo bora. Alisimama juani na wenzake tangu asubuhi, maana waziri alitarajiwa saa tatu na alifika saa nane. Nyumba ya Mama Nyamizi ilikuwa imefungwa na askari kwa sababu za usalama. Moshi wa maandazi ulidhaniwa unaweza kuficha kitu. Alipobanwa kabisa, mtoto yule alijikongoja hadi kwenye choo cha buluu cha mwisho, ambako alisimama mlinzi mwenye glavu nyeupe.

"Shikamoo baba," Siwema akasema. "Nimebanwa."

"Marahaba. Hivi vya wageni, mwanangu." Mlinzi hakuwa mtu mkali, alisema kwa upendo kabisa. "Mvumilivu hula mbivu."

Akarudi mstarini. Alighani beti zote bila kukosea hata neno, sketi yake ikiwa imelowa na maji yamefika kwenye soksi, na wenzake wakasogea karibu naye ili wamfiche. Waziri aliuona ule unyevu. Akamnong'oneza katibu wake, kipaza sauti kikiwa wazi, kwamba tazama, hilo ndilo jasho la uzalendo. Watu wakapiga makofi. Naomba radhi kwa wasomaji wenye roho nyepesi, lakini mimi nikifika hapa hutema mate, na sijapata bado njia nyingine ya kupasimulia.

Kisha waziri akahutubia. "Ndugu wananchi, choo si shimo," alisema. "Choo ni dira. Taifa lisilojua liende wapi likishikwa na haja, litajuaje linakokwenda kimaendeleo? Serikali yenu ni sikivu. Imelisikia tatizo hili, inaendelea kulisikia, na nawaahidi haitachoka kulisikia."

Akavuta kamba, na kipazia kikafunguka. Wageni wakala pilau, wakatumia vyoo vya buluu, na jioni lori likavirudisha vyoo vilikotoka, maana kesho yake vilikuwa na jiwe jingine.

*

Mwalimu Perpetua alingoja mafundi hadi msimu wa maembe ukapita. Ndipo akavaa viatu vyake vya kanisani akaenda wizarani, akaelekezwa kwa Kamishna wa Mawe, bwana mmoja mwembamba aitwaye Mlengeya, mwenye ofisi yenye zulia. Aliuliza ujenzi utaanza lini. Kamishna alimtazama kwa huzuni, akamsomea Sheria ya Heshima ya Mawe kuanzia mwanzo.

Mwalimu akasema anaielewa sheria, lakini lile ni jiwe la msingi, na msingi hujengewa. Kamishna akashusha sauti. Alimwomba afikirie tu, yeye ni mama mwenye akili zake, kitu gani hasa watoto watakuwa wanakifanya karibu na jina la Mheshimiwa. Kujenga shule karibu na jina kungekuwa dharau. Kujenga choo kungekuwa uhaini. Mwalimu akauliza kama basi wanaweza kujenga upande wa pili wa uwanja, mbali na jiwe. Haiwezekani, akajibiwa, choo kisicho na jiwe hakimo kwenye mipango.

Hata hivyo hakurudi mikono mitupu. Kamishna alishtuka kusikia kwamba watoto hucheza mpira karibu na jiwe, na kabla wiki haijaisha mafundi walikuwa wamekwisha kufika Mferejini, wengi na wenye bidii. Walilijengea jiwe ukuta wa matofali pande zote nne, kupita kimo cha mtu, wakaacha nyuma ya jiwe nafasi ya kupitisha mtu wa ufagio, wakaweka paa ili dhahabu isififie, na mlango wa mbao wenye komeo ndani na kufuli nje. Mwalimu Perpetua aliuliza kama huo nao si ujenzi karibu na jiwe. Akaambiwa huo ni ulinzi. Alikabidhiwa ufunguo na kitambaa laini, akaagizwa kulifuta jiwe kila Ijumaa.

*

Wizara haikulala. Wataalamu wake waligundua kwamba hitaji kubwa la mwanafunzi wa mjini ni mandhari. Mtoto akitazama dirishani akaona kibanda, walisema, akili yake nayo hujikunja kibanda. Ndivyo ilivyozaliwa kampeni ya Jiji Linapumua, na nyumba zote zilizozunguka shule zikaandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kwa Mama Nyamizi waliandika X ukutani, nyingine kwenye mlango wa choo, na kwa kuwa rangi ilibaki, nyingine kwenye karai.

Tingatinga lilikuja siku ya mtihani wa hisabati. Redioni Mheshimiwa Masanduku alifafanua kwamba hakuna aliyebomolewa. Wakazi wale wamepumzishwa makazi yao. Fidia ilikuwapo pia, kwa yeyote ambaye angeweza kuonyesha kwamba nyumba yake bado imesimama. Mama Nyamizi alikaa juu ya matofali yake na mwiko mkononi hadi dada yake alipokuja kumchukua.

"Nyumba haya," alimwambia Mwalimu Perpetua wakati wa kuagana. "Lakini choo changu kilikuwa kinawaudhi nini?"

Tangu siku ile Siwema aliacha kunywa maji. Alikuja shuleni midomo imekauka, akakataa uji, akakaa dawatini amebana magoti mpaka kengele ya mwisho. Siku moja alianguka wakati wa gwaride. Zahanati wakasema njia ya mkojo imeingiwa na wadudu, na kwamba mtoto apewe maji mengi na choo karibu. Mama yake alisikiliza, akashukuru, akamfungia binti yake nyumbani kama alivyoahidi. Wasichana wengine walimfuata mmoja mmoja, na wizara ikaipongeza Mferejini hadharani kwa kupunguza msongamano madarasani.

*

Ijumaa moja Mwalimu Perpetua aliingia kulifuta jiwe. Akalifuta. Kisha akatazama pale alipo. Kuta nne, paa, sakafu ya saruji, nafasi nyuma, mlango wenye komeo kwa ndani. Akalifunga komeo, akalifungua, akalifunga tena. Walimu wanasema alitoka mle akicheka peke yake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mwisho wa wiki wazazi walikuja na sululu na majembe, wakavunja saruji nyuma ya jiwe, wakachimba shimo refu, wakalifunika vizuri, wakaleta pipa la maji. Jumatatu mwalimu mkuu alivuka reli kwa miguu hadi kwa mama yake Siwema, akamkuta kwenye beseni la nguo.

"Choo kimejengwa?" mama akauliza bila kuinua uso.

"Kimejengwa. Serikali imekijenga yenyewe, ila haijui."

Siwema akarudi, na wenzake wakarudi. Kwa kuwa hakucheza netiboli, yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Wakaweka desturi: anayeingia hupewa gongo la Siwema alisimamishe nje ya mlango, na ukiliona gongo unajua kuna mtu. Jiwe lenyewe lilipata bahati, maana sasa lilifutwa kila siku. Siwema alianza tena kunywa uji, vikombe viwiliviwili, na katika mtihani wa muhula alikuwa wa kwanza. Kama nchi ile ingekuwa na aibu hata kidogo, hadithi ingeishia hapa, na mimi ningekwenda kulala.

*

Lakini kila mwaka huadhimishwa Siku ya Mawe, na mwaka ule Mheshimiwa Masanduku aliamua kulitembelea jiwe lake kwa kushtukiza, yeye, Kamishna Mlengeya, mabalozi wawili wa kweli na waandishi wa habari. Walipita getini kabla Mwalimu Perpetua hajatoka ofisini. Gongo lilikuwa limesimama nje ya mlango. Mheshimiwa, ambaye hajawahi kubisha hodi tangu ateuliwe, akashika mlango akausukuma.

"Kuna mtu," ikasema sauti ndani.

Basi Waziri wa Ardhi, Makazi na Mahitaji ya Wanafunzi akapanga foleni. Kamera zilimpiga picha akiwa amesimama nyuma ya mtoto wa darasa la pili aliyekuwa amebana miguu, naye akitabasamu kwa kuwa hakujua la kufanya na uso wake. Siwema akatoka, akachota maji, akanawa mikono, akachukua gongo lake, akawaamkia wote kwa heshima. Mheshimiwa akampita yule mtoto wa darasa la pili, akaingia. Akatoka upesi na leso puani.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Choo, mheshimiwa," Mwalimu Perpetua akajibu kwa sauti yake ya chini.

"Nani amekuruhusu?"

"Jiwe lako. Imeandikwa hapo chini, kwa herufi ndogo."

Ilibidi Mheshimiwa arudi ndani, ainame asome. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisoma jiwe lake lote.

*

Tume ikaundwa. Iliketi katika hoteli ya ufukweni, kwa sababu harufu isingeiruhusu kutafakari, ikabaini kwamba eneo la Mferejini limenajisika kielimu na haliwezi tena kufaa kwa shule. Kwa makazi lilifaa sana. Mwekezaji alipatikana haraka kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kochi nje ya mlango wa tume, ramani imekunjwa chini ya kwapa. Choo kile kilifukiwa kwa niaba ya afya ya watoto. Wasichana hawakupewa kingine, kwani wanafunzi waliokuwa karibu kuhamishwa hawakuhitaji choo ila subira.

Shule ikahamishiwa nje ya jiji, porini, ambako wizara ilisema kuna hewa nzuri, na tayari mawe saba ya msingi yalikuwa yamesimama kwenye nyasi. Mwalimu Perpetua alishushwa cheo akapelekwa huko kufundisha darasa la kwanza. Siwema hakuweza kufika. Alijaribu, akafika mara moja saa sita mchana, akawahi kengele ya kutoka. Mama yake hakumkemea. Alimwachia nafasi kwenye beseni la nguo.

Pale Mferejini pakaota ghorofa za Nyumba Nafuu kwa Wote. Hao wote walikuwa wachache, na walijuana. Kila nyumba ina choo cha baba, choo cha mama na choo cha wageni. Dada wa kazi atajijua. Tatizo likabaki jiwe, ambalo kisheria haligusiki. Bunge liliitwa kwa dharura, likaridhia kwamba ghorofa lisihesabiwe kuwa jengo, na mwekezaji akajenga kulizunguka jiwe. Liko hadi leo kwenye ukumbi wa kuingilia, mbele ya lifti, ndani ya kioo, na taa ndogo inaliangaza kwa juu.

Siwema sasa ni mtu mzima. Anafanya usafi katika ghorofa lile. Amepewa ruhusa ya kuvisafisha vyoo vyote, ya kuvitumia hana. Akibanwa huvuka barabara kwa gongo lake hadi stendi, akapanga foleni na abiria. Kila asubuhi huanza kazi kwa kulifuta jiwe, na hajapata kuambiwa afanye hivyo.

Juzi mpangaji mmoja mgeni, mama wa makamo, mwenye mfuko wa mboga, akiwa anangoja lifti alimuuliza hilo ni kaburi la nani. Siwema alimsomea kwa ile sauti yake nzuri, akianza na herufi ndogo. Choo cha Wasichana, Shule ya Msingi Mferejini.

"Na shule yenyewe iko wapi?" yule mama akauliza.

"Umesimama juu yake, mama," Siwema akasema. "Naomba usogee kidogo nipafute."